Crème Haifiki Kashebere

Masisi, tarehe 3 juin 2023

Kwa mukwe wangu Mama Constance, Kashebere,

Salamu nyingi kutoka mlimani. Huku tuko wazima, ngombe ziko nzima, mume wangu Rukara anakohoa kidogo lakini ni kikohozi cha kutafuta huruma. Nyinyi vipi? Mugongo yako imepona? Libérata wangu ananyonyesha vizuri? Na mujukuu wetu Shema, ameanza kufanana na mimi? Sijamuona bado, juu mama wa bibi arusi haingii kwa wakwe bila kuitwa, na barua ya kuniita labda mbuzi iliikula njiani.

Sasa tuongee. Antenne ya telefone ingekuwa inasimama, ningekufokea kwa mudomo. Imeanguka, basi nakufokea kwa bic. Karangwa wa pikipiki ananieleza kwamba kwenye ndoa ya juzi hapo kwenu watu walilamba masahani, wakasema: "Salade ya Mama Constance, hakuna ingine!" Salade ya nani? Matunda ndani ya crème, biscuit ya kuvunjavunja chini, haipikwi hata kidogo: hiyo niliileta Masisi mimi! Nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, lakini nimelala Goma, nimekula Kampala, na huko Kampala mupishi wa hoteli aliniuliza kama niko na dada. Nikamutazama akipiga crème, nikarudi na akili yake yote.

Najua nani alikufundisha. Nilikupa binti, Mama Constance. Salade sikukupa.

Shema atabatizwa tarehe 16 ya mwezi wa saba. Siku hiyo salade itakuwa yangu, ya crème ya ngombe, siyo ya maziwa ya boîte, ya mukebe wa duka. Ninakutumia kwa Karangwa bidon moja ya plastiki, ya kuonja, nimeijaza mpaka shingoni. Onja, ulie kidogo, kisha unyamaze.

Ni mimi mukwe wako,
Mama Libérata


Kashebere, tarehe 11 juin

Mukwe wangu Mama Libérata,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ambaye anasikia hata wenye kujisifu. Mugongo imepona. Libérata na mutoto wako wazima. Mutoto anafanana na baba yake, Sébastien wangu, na Sébastien anafanana na mimi. Pole.

Crème yako imefika. Tuseme, kuna kitu kimefika. Nilifungua bidon mbele ya wamama wa chorale ya kanisa, niliowaita waone maajabu ya Masisi. Ilikuwa nusu, na ile nusu ilikuwa siagi, donge linaogelea ndani ya maji. Tumeikula na muhogo. Ilikuwa siagi nzuri.

Watu wanasifu salade yangu sababu nanasi inatoka nyuma ya nyumba yangu. Huko kwenu nanasi haioti, inakohoa kama Rukara. Na mimi ninaitia mwisho kabisa, bakuli ikienda mezani, juu ikikawia ndani ya maziwa inaleta uchungu. Hiyo binti yako hakunifundisha. Ndizi ninaipitishia ndimu isiwe nyeusi. Hiyo pia ni yangu. Na maziwa ya boîte haina kiburi: unafungua, iko pale.

Bidon ya muntu hairudi bule. Nimeitia matunda, maracuja.

Mukwe wako,
Mama Sébastien


Masisi, tarehe 18 juin

Mukwe,

Salamu. Wazima? Sisi wazima, isipokuwa jina langu ndilo linaumwa.

Siagi! Mimi niliyelelewa pembeni ya kibuyu cha kusukia maziwa! Nilikamata Karangwa kwa kola, akaungama. Kwa kila barrière, pale wenye bunduki wanafunga njia, waliuliza amebeba nini, mupumbavu akajibu "crème", wakaonja. Bidon ikijaa, crème haichezi ndani. Bidon waliyoionja wote inabaki nusu, inakuwa kibuyu cha kusukia, na barabara yetu unaijua: ukiipitisha jiwe, nalo litatoa siagi. Nenda uwaambie wale wa chorale, na uwaambie kwa sauti ya solo.

Maracuja yako tumeyaona. Rukara ameyakula yote, akasema hajapata kuonja utamu wa namna hiyo tangu anioe. Wiki hii analala karibu na kuku.

Nimetuma crème ingine. Nimeifunga kwa utepe wa scotch na kuandika juu yake: DAWA YA MINYOO. Tuone nani ataionja.

Mukwe wako, ambaye hajashindwa,
Mama Libérata


Kashebere, tarehe 2 juillet

Mama Libérata,

Najua umefungua bidon, umeikuta bule, bila kitu, na najua umesema nini. Ukimaliza kusema, ukae, usome.

Dawa yako imefika siagi tena. Karangwa anasema kwenye barrière ya mwisho kulikuwa muntu mwenye minyoo.

Sasa nikuambie. Jumapili nilimutengenezea Libérata salade, ya kwake peke yake, na matunda ya kuchagua. Akakula kijiko kimoja, akasema, "Iko nzuri, Mama." Kisha akachukua ile siagi yako, akaiweka ndani ya mukono, akainusa, akalia. Miaka ine iko kwangu. Nilimupa chumba chenye dirisha. Mutoto wake ninamubeba mugongoni na hii mugongo mbovu. Na bado akilala anaita ngombe zenu kwa majina! Nilikasirika, nikaenda shambani, nikalima mpaka jembe likaruka kwenye mupini. Ni nani anaweza kushindana na muntu ambaye hata haiko hapa?

Yeye hawezi kukuomba uje. Anasema njia ni mbaya, Mama asipate shida juu yake. Basi nakuita mimi. Crème haifiki Kashebere, tumeona. Njoo wewe. Bidon nimeiosha, nimeikausha, nimeirudisha bule makusudi, uilete kwa mukono yako.

Na fanya haraka, kabla sijabadilisha roho.

Constance


Njiani, tarehe 12 juillet

Dada Constance,

Salamu za haraka. Ninaandikia juu ya mugongo wa Karangwa, atatangulia na hii barua, usicheke mwandiko. Miguu inaniuma, mengine yote nzima.

Bidon ilipofika bule niliiita kwa jina lako, nikaipiga teke. Kisha nikasoma. Nikaenda kusoma tena ndani ya zizi, Rukara asinione. Pale barua inasema jembe liliruka nilifurahi, nisikudanganye. Nilifurahi sana! Mimi nilizania ni mimi peke yangu ninayeumia. Wakisema Libérata anakuita "Mama", huku kwangu hata sukari inakuwa chungu.

Lakini uko na haki: kila kitu kinachoingia ndani ya bidon kinaonjwa. Basi nimefikiri kama muntu aliyefika Kampala. Crème nimeiacha ndani ya ngombe.

Unakumbuka ngombe mulizoleta za mahari? Moja ilizaa jike, jike amekua, naye amezaa. Kwetu uzao wa mahari unarudi kwa binti akipata mutoto. Rukara alitaka tungoje njia itulie. Nikamuambia tungengojea hiyo, Libérata mwenyewe asingezaliwa. Sasa anaswaga mbele akikohoa, ndama inafuata nyuma. Ninaogopa, dada. Siku hizi ngombe inapotea njiani na mwenyewe anaangalia. Lakini wakitaka huyu watanichukua na mimi, na mimi ninaongea. Kwenye barrière wameuliza tumebeba nini. Nimejibu, "Crème." Wametafuta, wakafungua bidon, bule. Wametuacha tupite.

Tayarisha bakuli kubwa na beseni ya maji ya chemchemi. Maziwa italala usiku moja, nitaondoa crème juu, nitaipiga mbele ya macho yako mpaka isimame. Matunda ni yako, usiikate kabla sijafika. Nanasi mwisho, nimekubali. Wakiuliza salade ya nani, tutasema ya Shema. Wale wa chorale nitawaeleza pembeni.

Usimuambie Libérata kitu. Nitasimama nyuma ya nyumba, niache ngombe ilie kwanza. Atatoka mbio, najua. Tuone ataita nani wa kwanza, mimi ao ngombe. Akiita ngombe, dada, tutaionea wivu sisi wawili.

Dada yako,
Emérita