Mume Wangu Anataka Nizibe Tundu la Bomba

Mshauri mpendwa, nisaidie, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara maana nyumbani mume wangu akiniona naandika atauliza. Yeye ndiye mkuu wangu wa kazi, tunapima jinsi maji yanavyosugua ukuta wa bomba wakati mwendo wake unabadilika ghafla, na miaka yote yeye hupima presha mwanzo na mwisho wa bomba kisha tofauti yote anaiita msuguano, na maji yakienda kwa kasi ileile hakosei, lakini ukifungua vali kwa ghafla sehemu kubwa ya presha hiyo inatumika kuyasukuma maji yaongeze mwendo, ukuta hauhusiki, na nimelijua hilo kwa sababu nilitoboa tundu dogo nikapachika kihisi, kidude cha kupimia msuguano, ukutani penyewe, na msuguano ukaja mdogo kuliko anaoutangaza. Nilimwonyesha nyumbani nikidhani atafurahi. Alimaliza chai, akasema, "Mama watoto, hicho kidude kitoe kabla wakaguzi hawajaja Jumatatu, na tundu ulizibe mwenyewe, mkono wako mwepesi." Uprofesa wake unategemea ripoti ya vipimo vyake, ambayo wakaguzi wanakuja kuihakiki, na jina langu limo. Wifi yangu ananiambia niache kimbelembele, akipata yeye tumepata wote. Nampenda, mshauri, na nina hasira naye. Nizibe? Nikikataa, nitampoteza?

Mke wa Mkuu

Dada yangu, bomba ninalolijua mimi ni la jikoni kwangu, nalo linavuja, kwa hiyo nimemuuliza mtu wa fani yenu. Kasema fungua bomba upapase kwa kidole: kihisi kikichomoza ndani hata kidogo, kinayavuruga maji na vipimo ni bure. Kama kimelala sawasawa na ukuta, basi uko sahihi, na nadhani mumeo anajua, ndiyo maana hakukuuliza swali hata moja.

Na wewe nikugombeze. Matokeo ya kazi unayapeleka kwenye chai ya nyumbani kufanya nini? Ungeyaleta kikaoni, wenzenu wakisikia.

Usizibe. Kesho nenda ofisini kwake, gonga mlango kama mfanyakazi yeyote, mwambie kihisi kinabaki na wakaguzi watakiona. Akikataa, omba kwa maandishi jina lako litolewe kwenye ripoti. Wifi yako mwambie akazibe yeye.

Unauliza kama utampoteza. Nakuonea huruma, lakini sikufichi: mwanamume aliyekuagiza ufute kazi yako kwa mkono wako amekwisha kuchagua. Wewe ndiye hujachagua.