Wanafunzi Wangu Wamenijibu kwa Ndoo

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, mimi ni mhadhiri wa biashara, nafundisha mwaka wa kwanza, na huwa nafundisha kwa picha, maana nikisema tu "upotevu wa wateja" wanasinzia, lakini siku nilipochora ubaoni ndoo yenye tundu, wateja wanamiminwa juu kwa matangazo na kuvuja chini kwa huduma mbovu, darasa zima lilichangamka, basi nikanogewa, kila kipindi ndoo, mpaka wakaniita Mama Ndoo, nami nikafurahi. Sasa kwenye mtihani nimeuliza kwa nini kampuni ya simu inapoteza wateja na ifanye nini, na kati ya wanafunzi sitini, arobaini na mmoja wameandika habari za ndoo! Mmoja ameshauri kampuni inunue ndoo ya bati kwa sababu plastiki haidumu. Nilicheka, kisha nikalia. Nikazifungia karatasi kabatini na kumdanganya mkuu wa idara kwamba bado nasahihisha, maana alishanionya kuwa michoro yangu ni ya chekechea, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Jana nilikutana kwenye ngazi na huyo wa bati, nikamuuliza, "Kwani hukuelewa?"

Akasema, "Nilielewa, mwalimu. Duka la mama limekimbiwa na wateja kwa sababu kaka anawajibu ovyo, tundu si ndilo hilo? Ila sisi tukitaja mambo ya kweli, wewe unasema turudi kwenye ndoo. Nikajua ndiyo unayoitaka."

Shangazi, kumbe wanajua! Lakini karatasi bado ziko kabatini, na Jumatatu zinatakiwa. Niwafelishe, niwapitishe, au niachane na picha kabisa?

Mama Ndoo

Mwanangu, pole. Nimekucheka kwanza, sikufichi. Hao watoto si wajinga, wamekusikiliza kupita kiasi. Mwenye kosa ni wewe uliyeipenda ndoo kuliko somo. Na huo uongo kwa mkuu wako haumfai mtu mzima, umalize leo.

Usiwafelishe, wala usiwapitishe bure. Toa karatasi kabatini, mpelekee mkuu kabla hajakuita, mwambie ulipokosea, na uombe warudie swali hilo moja. Kisha ingia darasani na ndoo ya kweli, ya bati ukipenda. Wakuonyeshe mteja ni nani na tundu ni nini, halafu uwaulize ndoo hii inatudanganya wapi. Maji yakivuja yananyamaza, lakini mteja akiondoka anawasimulia majirani. Wakishaliona hilo wenyewe, itoe ndoo nje, ufunge mlango, ndipo waandike.

Picha usiziache. Mkuu akikuambia tena ni za chekechea, mjibu kwamba shangazi wa gazetini, aliyekuwa akitoroka kipindi cha biashara kila wiki, amesoma barua yako mara moja tu na amejua kwa nini wateja wanaondoka.