Mita ya Ghorofa ya Tatu

As-Salt,
mwishoni mwa Februari

Kwako dada yangu Taghrid,

Nakutumia salamu za amani, wewe na shemeji Fawaz, na huyo mchanga wenu ambaye sisi huku tumemwona kwenye simu tu. Natumaini mshono umepona na kwamba mtoto anakuachia ulale kidogo. Baba anasema umkande kwa mafuta ya zeituni ya kwetu, si hayo ya dukani Kuwait, ndiyo maana anayekuletea barua hii amebeba na kopo. Ukituuliza sisi, miili ni mizima. Baba anakula akilazimishwa. Mlozi wa nyuma ya nyumba umechanua na hakuna aliyeutaja.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Umeniuliza zaidi ya mara moja ilikuwaje mama akawa peke yake, na ilikuwaje umeme ukakatika kwetu siku ambayo mtaa mzima ulikuwa unawaka. Kila ulipouliza nilisema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na neno, dada. Niruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianzia karibu sitaweza kuandika.

Unaikumbuka mita ya zamani, ile yenye kioo na kisahani kinachozunguka, tuliyokuwa tukiishindania utotoni nani atakiona kile kidoa chekundu kikipita. Mwaka jana ofisi yetu ya umeme ilianza kuziondoa na kufunga mpya, zinazotuma hesabu zenyewe bila msoma mita kupita. Mtaa ukaingiwa na wazimu. Wa kwanza alikuwa Um Raid, mke wa Ami Nawwaf. Alisema amesikia kwa wakwe zake wa Irbid kwamba mita hizo zinatoa miale inayokausha ubongo, tena zinawaka moto watu wakiwa wamelala, na kwamba kuku wake wameacha kutaga tangu jirani afungiwe. Baba akamjibu kuwa kuku wale waliacha kutaga tangu walipoanza kumsikiliza yeye.

Mama alicheka mpaka akakohoa, na ule mpira wa oksijeni ukamtoka puani. Alipotulia alisema, "Kama ni miale, ipange foleni. Mapafu yameshatangulia."

Lakini baba naye alikuwa na hofu yake, na hakuifanyia mzaha. Hakujali miale. Alisema hapendi kitu ambacho mtu aliyekaa kwenye kiti, asiyeijua nyumba wala waliomo, anaweza kukizima kwa kidole. "Zamani aliyetaka kukukatia umeme," alisema, "alilazimika kuupanda mlima huu, apige hodi, mama yako amletee chai, aone haya usoni. Huyu wa sasa atamwonea nani haya?" Kisha akaitazama mashine ya oksijeni ya mama, iliyokuwa inanguruma kando ya kitanda.

Mimi ndiye niliyemjibu. Kazini nilikuwa nimepewa jukumu la kuwaelewesha watu, na nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa kuhusu mita hizo. Nilimweleza Um Raid kwamba miale yake ni kidogo kuliko ya simu anayolala nayo chini ya mto. Nilimweleza habari za moto, kwamba hutokana na waya kulegea, na kwamba fundi atakaza kila mmoja. Yote hayo yalikuwa kweli. Nikamgeukia baba, nikamwambia utaratibu wetu hauruhusu mtu kuzimiwa mpaka kwanza apigiwe simu nyumbani, asome namba iliyo usoni mwa mita, na namba ifanane na iliyo mbele yetu. "Halafu anayekaa kwenye kiti hicho ni mimi, baba. Mimi nitakuzimia?" Akasema haya, mwanangu anakula mkate wa umeme, waje.

Aliyekuja ni fundi anayeitwa Kutaiba, kijana wa rika langu, kwao ni bondeni upande wa magharibi. Sijapata kuona fundi mwangalifu vile. Alikagua mpaka waya ambazo hakutumwa kukagua. Mama aliagiza apelekewe chai ya majani ya maramia, naye akainywa amesimama huku akiomba radhi kwa mikono michafu. Um Raid alikuwa ameshatundika shanga la bluu la kukinga kijicho kwenye sanduku la mita, na nilidhani atamcheka. Hakucheka. Alilisogeza kidogo tu lisizibe taa, akasema, "Acha nalo lifanye kazi yake, mama." Sanduku lile liko kwenye lango la chini, kwa hiyo yeye na wenzake waliziandika mita zetu kwa kuhesabu kutoka barabara ya chini kwenda juu, kama wanavyofanya kwa nyumba zote. Unajua nyumba yetu ilivyoning'inia mlimani, barabara moja juu na nyingine chini. Unakumbuka siku ya harusi yako tulivyowaambia wapishi walete wali na nyama ya mansaf ghorofa ya kwanza, nao wakapandia barabara ya chini na kuyashusha masinia yote kwa Ami Nawwaf? Ulilia kwa hasira, baadaye ukacheka.

Baridi ilipoanza, Ami Nawwaf na mkewe wakateremka Aqaba kwa mwana wao Raid, kama kila mwaka. Ghorofa yao ikafungwa. Ya katikati unajua ni ghala na sebule ya wageni. Kwa hiyo juu walibaki baba na mama, na mimi nikirudi jioni.

Siku yenyewe, baba alimwacha mama amelala vizuri, mashine ikinguruma, akaenda kutoa rambirambi kwa jirani aliyefiwa upande wa pili wa mlima. Usimlaumu. Ni desturi, na mama ndiye aliyemfukuza aende. Alimwambia wataonekana watu wasio na adabu. Alikawia kwa sababu waliletewa kahawa, na mzee mmoja akaanza kusimulia habari za marehemu. Aliporudi aliona friji kimya. Akachungulia dirishani, akaona feni ya hewa moto ya jirani inawaka. Akanipigia mimi ofisini kabla hajaingia chumbani. Alisema, nusu kwa mzaha, "Wewe mtu wa umeme, mbona kwetu peke yetu kuna giza?"

Nilibonyeza nilichobonyeza, na kwenye simu nikasikia friji ikiguruma, kisha mashine ya mama ikipiga kile kilio chake cha kuanza. Baba alisema, "Umerudi! Mungu akubariki, mwanangu, umeturudishia." Akaniuliza kulikuwa na nini. Nikamwambia, "Ilijizima yenyewe, baba." Akasema ngoja nimwangalie mama yako. Hakukata simu. Niliyoyasikia baada ya hapo sitakuandikia.

Mtungi wa akiba ulikuwa kando ya kitanda, lakini unaijua mikono ya mama ilivyokuwa, asingeweza kuufungua. Simu yake ilikuwa sebuleni. Naamini alidhani umeme umekatika mji mzima kama zamani, akaamua kuvumilia mpaka urudi.

Sasa angalia neno lile nililosema lilikofika. Mita ikijizima yenyewe, basi kuna aliyeifunga vibaya. Watu walipokuja msibani baba aliwaambia nilichomwambia, maana mimi ndiye ninayejua. Binamu zetu wakapandwa na hasira, Raid akasema huyo fundi ataijua familia hii. Walikwenda mpaka kwa kina Kutaiba wakavunja vioo vya gari la kaka yake. Ndugu zake Kutaiba wakawahamisha wanawake na watoto kwa wajomba. Um Raid alikaa kati ya waombolezaji akisema, "Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?" na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Hajj Mifleh, mzee wa suluhu, ndiye aliyeingia katikati, akawaombea muda hasira zipoe, kisha akapanga jaha ya wazee wa kuja kuomba msamaha.

Walikuja Ijumaa. Ukoo mzima wa Kutaiba, wazee wamefunga vilemba vyao vizuri, wameijaza sebule ya wageni mpaka ngazini. Hajj Mifleh alipewa kikombe cha kwanza, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa, na wote wakaviweka vyao chini. Akasema wamekuja kwa mzee mwenye heshima, mikono yao mitupu na vichwa vyao chini, kijana wao amekosea bila kukusudia, na kahawa hii hawatainywa mpaka wasikie neno lake. Baba alikitazama kile kikombe kilichowekwa chini. Kisha akasema mama yetu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke na kiu, na yeye hataanza leo. "Kunyweni kahawa yenu. Nimemsamehe kwa ajili ya Mungu, sitaki fidia wala sitaki ahame." Watu wazima walilia, dada. Jirani zetu wanasema hawajaona usamehevu kama ule.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina. Mwana wa nyumba, dalla ya kahawa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Nilipofika kwa Kutaiba alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na viatu. Amekonda. Nikampa kikombe, akakishika kwa mikono yote miwili, akakitazama, akanirudishia kimejaa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hastahili. Alisema kila akilala anazikaza upya zile waya, mmoja baada ya mwingine, na hajui ni upi aliouacha. Wajomba zake wakamkemea, "Kunywa, bwana, unataka kutuvunjia jambo?" Anayekataa kahawa ile amekataa msamaha. Watu wakaanza kugeuka kutazama. Nikamrudishia kikombe. Nikamwambia, "Kunywa, ndugu yangu. Kunywa." Akanywa. Machozi yakaingia kikombeni.

Taghrid, hakuna waya aliouacha. Mita ile haikujizima. Niliizima mimi.

Asubuhi ya siku ile Ami Nawwaf alinipigia kutoka Aqaba. Alisema Um Raid hampi usingizi, kila akifumba macho anaona mita inawaka moto kwenye nyumba tupu. "Nizimie hiyo takataka, Yazan, mpaka turudi, nipate amani ya masikio yangu." Nikacheka. Nikamwambia ngoja, ni dakika tu. Nikafungua jina la babu, maana mita zote tatu bado ziko kwa jina la babu, na nikaona ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mafundi walivyoziandika kutoka chini. Tangu nizaliwe nyumba ile nimeihesabu kutoka barabara ya juu. Kwetu ni ya kwanza, kwa Ami ni ya tatu. Wewe pia ndivyo unavyoihesabu hata sasa unaposoma. Nikazima ya tatu.

Sikupiga simu nyumbani kuomba wasome namba. Wateja wote huwapigia, hata anayenitukana humpigia. Pale nilijiambia hii ni nyumba yangu mwenyewe, nitamwuliza nani nini? Baba alimhofia mtu asiyeijua nyumba. Aliyemzimia ni yule anayeijua kuliko wote.

Baba aliponipigia nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Na nikasema ilijizima. Sikupanga kusema hivyo. Lilinitoka kama mtu anavyokinga uso kwa mkono. Ami alipopanda kuja kuzika alikuta taa zake zinawaka, akanishukuru kwa kumwashia kabla hajafika. Ofisini hakuna aliyeniuliza. Jambo lilipomalizwa kwa kahawa mkubwa wangu alishusha pumzi, akafunga mazungumzo.

Kutaiba ameacha kazi. Anasema hawezi tena kushika waya. Kila Ijumaa anakuja kumwona baba, anamletea mikate ya mama yake, wanakwenda pamoja makaburini, na baba ameanza kumwita mwanangu. Mimi hukaa nao. Nimepungua mwili na baba anadhani ni huzuni ya mama, ananisukumia nyama ya sahani yake.

Nimetafuta njia na sioni. Aliyemkosea mtu hupeleka wazee wa kwao, na wa kwanza kati yao ni baba yake. Nikitaka kwenda kwa Kutaiba, anayepaswa kunitangulia ni baba. Nikitaka kwenda kwa baba, ni nani atanitangulia? Hakuna jaha ya mtu kwenda kwa baba yake mwenyewe. Nami peke yangu nimejaribu. Nimefika mpaka mlangoni pa chumba chake, akaniuliza nataka nini, nikasema nimekuja kuangalia kama mashine imechomolewa. Bado iko pale kando ya kitanda, hataki iondolewe.

Umebaki wewe wa kunitangulia. Najua ninachokuomba, kwani aliyekufa ni mama yako pia, na pengine ukifika hapa kwenye karatasi hutaki tena kulisikia jina langu. Ukikasirika sitajitetea. Lakini ulisema mtoto akipata nguvu utakuja kumwonyesha kwa babu yake. Baba atakumiminia kahawa kwa mkono wake, unamjua. Kama umepata moyoni mwako hata kidogo cha kunisamehe, kiweke kikombe chini, usikinywe, umwambie una ombi. Nitakuwa nimekaa mwisho, karibu na viatu.

Na kama hukupata, basi kinywe tu, dada. Sitakuuliza kitu. Nikikuona unakunywa nitakuwa nimekuelewa, na jambo hilo nitaona mwenyewe la kulifanya.

Msalimie Fawaz. Mbusu mtoto kwenye unyayo kwa niaba ya mama, alisema ndivyo atakavyombusu. Kopo la mafuta lisimamishe wima, mfuniko wake haukazi vizuri.

Ni mimi ndugu yako,
Yazan