Zulia la Mwanaisha

Jumanne, baada ya Isha.

Kaanguka tena. Mjukuu wangu Mwanaisha kasimamisha bomba la chuma sebuleni, toka sakafuni mpaka dari. Anafunga mlango, anavaa viatu vya visigino virefu vyembamba, analikwea na kucheza. Niliiogopa saruji, nikamtandikia zulia zito la manyoya. Kumbe ndilo linalomnasa kisigino! Leo kifundo kimevimba kama chungwa la Muheza.

"Bibi, toa zulia lako."

"Ukiangukia saruji, mke mwenzangu, utabaki na meno mangapi?"

"Basi niache."

"Vua viatu."

"Bila viatu haichezeki, bibi."

Nimkataze kwa kinywa gani? Mimi ni kungwi, wari wangapi hapa Makorora nimewafunza kukata kiuno? Ila wao walicheza peku juu ya mkeka, na akiteleza mmoja, mkono wangu ulikuwa hapo hapo. Huyu yuko juu kule, simfikii.

Nimemkanda kwa maji ya chumvi, amelala. Zulia nimelikunja, nikalitandika, nikalikunja tena. Mguu ukipoa atapanda tu. Wallahi sijui kipi kitamwonea huruma, zulia au saruji.