Kifaransa cha Madamu na Kikombe cha Nane

Ndiyo, Bibi Thuraya, Kifaransa, hukusoma vibaya wala mie sikukosea kuandika, wiki jana umenijibu kwa mstari mmoja tu humu gazetini, "Bwana wa Kinondoni, Kifaransa gani hicho na nani kakufundisha, eleza yote ndipo nikusaidie," haya basi naeleza yote, shikamoo kwanza, na naomba msaada wa kweli, usinione nacheka, mie hata msibani nachekaga, ndivyo nilivyozaliwa.

Jina langu Adelard, mtu wa Bukoba, shule niliishia darasa la tatu maana la nne lilikuwa ng'ambo ya mto na mie kuogelea sijui. Hapa Kinondoni nauza mkaa, natengeneza miavuli, nanyoa nywele, na kila Jumapili saa kumi alasiri, mwezi wa tatu sasa, nafundisha Kifaransa na adabu za Kifaransa kwa vijana sita wa darasa la kumi na mbili, vijana wanaosoma vitabu vinene kama tofali, wananiita Mwalimu na wananivulia kofia. Sababu ni kwamba ipo kampuni bandarini inayoshughulika na mizigo ya Kongo, inataka makarani wa Kifaransa, na tarehe ishirini mwezi huu watakaa mbele ya Mzungu waongee naye kwa mdomo, wakifaulu wamepata maisha. Na mtu mweusi hapa mjini anayemwaga Kifaransa kama maji ni mie peke yangu, au ndivyo nilivyotangaza.

Sasa nilikipata wapi. Nilikuwa mwosha vyombo Usumbura, kule Urundi, kwa mama mmoja wa Kifaransa, tulimwita Madamu, nyumba yake ilitazama ziwa. Kila siku saa kumi Madamu alikaa mezani, vikombe viwili, kimoja chake, kimoja mbele ya kiti cha karibu na mlango ambacho hakina mtu, anamimina kahawa kote kuwili, halafu anaanza kuongea na kile kiti. Anakipa habari za ziwa, mvua, bei ya siagi, mapadri, ushonaji wa gauni, anauliza jambo, ananyamaza kama mtu anayesikiliza, anaitikia kichwa, anaendelea. Mie nimesimama nyuma na sinia, miaka miwili, Bibi, nikashika kila neno, pamoja na kikohozi chake, pamoja na pale anaponyamaza. Maana ya maneno nilifafanuliwa na mpishi, Gaudens.

Nikadhani ndiyo adabu yao. Usinicheke. Kwetu Buhaya mgeni hakaribishwi bila punje za kahawa za kutafuna, hata akiwa adui unamwekea, basi nikasema kumbe Wafaransa nao wana lao, hawanywi kahawa bila kummiminia asiyekuwepo na kumuuliza habari za safari. Nyumba ya Kifaransa niliyoijua duniani ni hiyo moja tu, ningelinganisha na ipi?

Wiki ya mwisho kabla sijaondoka Gaudens akanipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha msalaba kwenye majani. Akasema, "Huyo ndiye mwenye kikombe." Nikauliza alikufa kwa nini. Akasema, "Wewe osha vyombo." Basi nikaosha, na nilipoondoka nikaondoka na kile kikombe, cheupe, kina ua la bluu, sikupewa, nimekwambia naeleza yote.

Kwa hiyo nilijua, Bibi. Hapo ndipo penye kosa langu. Nilijua kwamba Kifaransa changu chote ni maneno ya mwanamke mmoja akiongea na marehemu, nikawafundisha vijana wa watu vilevile nilivyokipata, meza ya masanduku, kahawa, vikombe saba vya kwetu na cha nane chenye ua la bluu mbele ya kiti kitupu. Nikawaambia, "Hii ndiyo adabu ya Paris. Ukisema sentensi hii, nyamaza, hesabu mpaka nane, ndipo uendelee." Wakashika vizuri ajabu, na kikohozi wakakishika.

Jumapili ya nne, Audax akajibu.

Audax ni mtoto wa jirani yangu Kokuberwa, kijana mpole, ndiye anayekaa karibu na kile kiti. Sie tumesema sentensi, tumenyamaza, tunahesabu, yeye katikati ya hesabu anasema jambo, kwa Kifaransa, taratibu, sauti nzito kidogo. Nikajua kasoma kwenye kamusi, nikamsifu, mwalimu hawezi kuonyesha kwamba hakuelewa. Wenzake wakaandika madaftarini. Jumapili iliyofuata akajaza sehemu mbili, kisha tatu. Polikarpo, ndiye mkubwa wao, akaniambia, "Mwalimu, sasa inaeleweka! Zamani yule mama wa kwenye somo alikuwa anajibu vitu ambavyo hajaulizwa."

Ni kweli, Bibi. Kulikuwa na sentensi ya Madamu karibu na mwisho iliyokuwa inanishangaza tangu Usumbura. Ananyamaza, halafu anasema, "Si kitu, mpenzi, ni uchungu wa kahawa tu." Nani kamuuliza? Halafu anasema, "Kunywa yote." Halafu ananyamaza kirefu kuliko pote, unaweza kuhesabu thelathini, na mwisho anainuka anakifunika kile kikombe, mdomo chini.

Nikachukua daftari la Polikarpo nikampelekea Salumu, mpishi wa meli, aliyekaa Madagaska kwa Wafaransa miaka tisa. Mchana kweupe, jua la kupasua kichwa, kuku wanapita. Salumu akasoma kwa kidole. Akalilaza daftari kifudifudi.

"Nani kaandika haya?"

"Mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi wako anauliza mbona kahawa leo chungu. Anauliza umetia nini. Halafu anasema miguu siisikii. Adelard, unafundisha kitu gani wewe?"

Nikacheka, Bibi, nilicheka peke yangu.

Kokuberwa naye kanijia juzi. "Kaka Adelard, mwanao Audax tangu Jumapili mpaka Jumanne hali chakula, anasema ulimi mchungu, miguu imekufa ganzi. Na jana nimemwamkia Kihaya akanitazama kama hanijui. Mnawalisha nini huko?" Nikamwambia ni kahawa tu. Kahawa birika moja, tunakunywa wote, sie hatuumwi. Jumapili iliyopita nikasingizia homa ili wasisome, nikajilaza chumbani, saa kumi nikawasikia uani kwangu wanaanza bila mie, na Audax akajaza kila mahali pa kunyamaza. Pamebaki pale pa mwisho tu, pale parefu. Pale hajapajaza.

Nikisema ukweli nimekwisha, Kinondoni nzima itanizomea, na wale vijana watakwenda kwenye mtihani bila mwalimu. Nisiposema, Jumapili hiyo inakuja. Nishauri, Bibi.

Ni mie, Mwalimu Adelard, wa mkaa.

*

Adelard, umenichekesha mpaka nilipofika kwenye kile kiti, nikaiweka chai yangu chini na mpaka sasa sijaimaliza.

Pole. Nasema pole kwa sababu umesimama miaka miwili nyuma ya mtu mwenye jambo zito moyoni, na hukuwa na wa kukueleza. Kudhani kwamba ni adabu yao, hilo sikulaumu, wangapi wetu tumekaa majumbani mwa Wazungu tukaiga hata wazimu wao tukidhani ni ustaarabu. Lakini ulipoonyeshwa msalaba, mwanangu, ujinga wako uliishia pale pale nyuma ya jiko. Kuanzia hapo ulikuwa unajua. Umewakalisha watoto sita wa wenzio mezani kwa maiti, ukawafundisha kumwachia nafasi ya kusema, sasa unashangaa kwamba kasema?

Unaogopa kuzomewa. Zomewa. Kuzomewa hakujaua mtu, na wewe huna heshima ya kuharibika, unauza mkaa na unacheka misibani.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumapili saa kumi, nenda leo kwa Kokuberwa, mwamkie kwa heshima, mweleze kila kitu ulichonieleza mie, na habari ya kikombe cha wizi usiiache. Akikutukana, kaa kimya mpaka amalize. Kijana apelekwe hospitali aangaliwe miguu, na kama ni Mkristo padri naye aambiwe, mmoja hamzuii mwenzake. Jumapili waite wote sita, mama wa kijana akae pale pale kwenye kile kiti, kisibaki kitupu hata kidogo, uwaambie ukweli kwa mdomo wako. Kahawa hakuna. Msile, msinywe chochote mezani hapo.

Halafu huyo Salumu, mpishi wa meli, mpigie magoti awafundishe vijana. Kifaransa chako kina kasoro moja kubwa: ndani yake hamna mtu hai anayesema jina lake. Miezi mitatu vijana wanaongea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema mimi ni fulani, mwana wa fulani, nakaa Kinondoni. Mzungu wa bandarini atawauliza hilo kwanza, na watamhadithia bei ya siagi! Waanze na majina yao. Audax awe wa kwanza, aliseme lake kwa sauti mbele ya mama yake, na pale mlipozoea kunyamaza msinyamaze, ongeeni, gombaneni, imbeni, msihesabu.

Mambo ya nyumba ile ya Usumbura, nani alitia nini kwenye kahawa ya nani, usiyachunguze. Hukuwepo. Aliyekuwepo kaishi nayo kila siku saa kumi, na adhabu hiyo inatosha.

Na kikombe usikiuze, Adelard. Nimekujua kwa barua moja tu, najua umeshafikiria. Usikiuze.

Bibi Thuraya

*

Bibi, shikamoo tena, na shikamooni wasomaji wakubwa kwangu. Nimefanya.

Kokuberwa alinitukana kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, alipoishiwa akachukua kanga akajitanda, akasema twende. Hospitali wakamtazama miguu Audax hawakuona kitu. Jumapili Kokuberwa akaja akakaa kwenye kile kiti, mama mnene, Mungu ambariki, kikajaa. Nikasema yote. Polikarpo akaruka, "Mwalimu! Miezi mitatu tumemwamkia marehemu?" Nikasema ndiyo, na mmemwamkia vizuri. Hakuna aliyecheka, hata mie.

Salumu akaanza na majina. Mmoja baada ya mwingine wakasema, mpaka zamu ya Audax, tuliyemwacha wa mwisho kwa woga. Akafungua mdomo, akanyamaza. Bibi, tulisahau agizo lako, wote tukanyamaza naye, na mie kichwani nikajikuta nahesabu, kumi, kumi na tano, ishirini na mbili. Midomo yake ikawa ya rangi ya majivu ya jiko langu. Ndipo Kokuberwa akafungua pindo la kanga, akatoa punje za kahawa za nyumbani, zile za kutafuna, akamtia mwanawe kiganjani kama tunavyomkaribisha mgeni, akasema Kihaya, "Tafuna. Umefika kwako." Ulisema tusile chochote mezani pale, lakini ungemwambia nani, yule ni mama yake. Audax akatafuna. Akakunja uso, akasema Kiswahili safi, "Mama, hizi zimechacha." Halafu akageuka kwa Salumu akasema kwa Kifaransa kwamba yeye ni Audax, mwana wa Kokuberwa, anakaa Kinondoni, ana njaa. Jioni alikula ndizi sahani mbili. Sasa Salumu anawafundisha kila siku mpaka tarehe ishirini, mie nakaa nyuma na sinia, kazi ninayoiweza.

Limebaki moja. Kikombe nilikirudisha chumbani nikakifunika rafuni, mdomo chini, kama Madamu alivyofanyaga. Jumatatu saa kumi nimekikuta kimekaa wima. Nikakifunika. Jumanne vilevile. Nakaa peke yangu na panya sina.

Basi wasomaji, hapa pana biashara, na si biashara, maana Bibi kakataza kuuza: mie nagawa. Atakayekuja Kinondoni kukichukua nampa kikombe kizima, hakina ufa, nampa gunia la mkaa juu yake, na mwavuli wake nitautengeneza bure maisha yangu yote. Kwa upande wako ni jambo dogo tu. Saa kumi ukikikuta wima, kitie kahawa. Ukisikia unaulizwa kitu, usijibu. Na tia sukari, ndugu yangu, tia nyingi.