Mdomo wa Koki Aliouchagua Mama

Katesh, 4 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje tangu ulipoanguka bafuni? Mimi mzima, ni kikohozi tu cha vumbi la chaki. Simu huisikii vizuri, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi.

Nimenunua koki ya sinki la jikoni. Ile ya zamani mdomo wake mfupi, maji yanagonga ukingo na kukumwagikia miguuni. Hii ina shingo ndefu inayogeuka, hata sufuria ya makande itaingia chini yake.

Kwa sinki la kuogea kule bafuni, lile la kulala ndani, sijanunua kitu. Tunao ule mdomo wa koki aliouchagua mama alipokuja kutibiwa huku. Muuzaji alimwonyesha aina mbili: unaochomekwa na kubanwa kwa skrubu ndogo, na wenye meno ndani unaozungushwa. Mama akashika wa pili. "Huu. Nusu inchi." Muuzaji akacheka, "Bibi, kwani umepima?" Akajibu, "Mkono wangu unajua." Njiani akaniambia, "Mpe baba yako. Aufunge yeye mwenyewe, siyo fundi. Maji yakitoka, mniambie."

Nilikukabidhi baada ya mazishi yake, ukauweka kabatini. Sikukusumbua kwa sababu ya msiba. Lakini sasa huwezi kuinama tena kwenye ndoo. Najua mama alisema ufunge wewe, ila kwa nyonga hiyo Fundi Margwe atakuja Jumamosi, afunge zote mbili.

Mwanao,
Scola

Kijijini Daudi, 11 Mei 2025

Mwanangu Scola,

Marahaba. Nyonga inauma asubuhi, mchana inanisahau. Kikohozi chako kinywee asali, usikipuuze.

Koki ya jikoni imefungwa. Shingo yake kama ya korongo, naigeuza huku na huku hata kama sina chombo cha kujaza. Ahsante sana.

Ya kuogea nimemkataza Margwe. Ile imeziba tangu zamani, na mtu wa umri wangu hana haja ya kuelea kama bata. Liache jambo hilo.

Baba yako

Katesh, 15 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Margwe amenipigia simu. "Dada, mzee wako kanisimamia mlango wa bafu na fimbo juu! Nilidhani nimekosea nyumba." Anacheka, mimi sicheki. Hujawahi kumnyanyulia mtu fimbo, hata shuleni ulipokuwa mwalimu mkuu.

Kuna nini huko bafuni? Mama aliomba kitu kimoja tu. Kama ni uchungu wa kumkumbuka, sema, nitaelewa. Kama siyo, nikifunga shule nakuja kuifungua kwa mkono wangu.

Scola wako

Daudi, 22 Mei 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sipo salama, na siyo nyonga.

Nimefundisha watoto wa tarafa hii kusema kweli kwa miaka thelathini na zaidi. Sasa soma ya kwangu ukiwa umekaa.

Nyuma ya ile koki hakuna paipu.

Haijaziba. Haijawahi kuwepo. Nilipomposa mama yako, babu yako alisema, "Efrazia haendi kwa mtu wa kalamu ili akabebe ndoo." Nikaahidi maji ndani ya nyumba. Sinki lile nililinunua kwenye mnada wa Mzungu aliyekuwa anahama. Nikajenga tangi kule juu kilimani. Kabla sijapata mabomba, babu yako akatuma neno kwamba anakuja kukagua. Nikachukua kipande cha paipu kisichozidi kidole, nikakizika ukutani kwa saruji, nikafungia koki. Akaja, akaishika, akaifungua. Nikasema, "Maji yamekatika leo, mzee." Akanipa binti yake.

Nilikusudia kuchimba mtaro baada ya mavuno. Lakini mama yako alishaniuliza kwa nini hayatoki, nami nilishamjibu kwamba paipu imeziba chini ya ardhi. Kuchimba ilikuwa ni kumwonyesha kwamba chini hamna kitu. Basi ikaendelea kuziba. Mwaka mradi wa maji ulipofika kijijini na mafundi wakaunga jikoni, niliwaambia bafuni wasiguse ukuta, utabomoka. Hatua chache tu, Scola. Akaendelea kubeba ndoo kutoka jikoni hadi kule, na mgongo wake ule.

Wageni walikuja kulitazama sinki letu, nami nikilisifu mbele yake.

Mwili wangu unajua hautamaliza mwaka. Sikutaka Margwe akuambie kabla yangu.

Baba yako

Katesh, 29 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Likizo imeanza na sikuja. Utakuwa umeelewa.

Barua mbili nimezichana kabla ya hii. Nilibeba ndoo zile pia. Nilimkanda mama mgongo kwa maji ya moto niliyoyabeba mwenyewe. Tope la mlima Hanang liliposhuka hapa mtaani Jorodom na tukawa hatuna tone la maji safi, mama alinitumia ujumbe: "Njoo nyumbani mwanangu, tuna sinki la kuogea." Nilimwonea huruma, nikiona bado anaisubiri koki ile itoe maji.

Ungemwambia tu. Angekasirika wiki moja, angekuchekea maisha yote. Amekufa akiamini!

Sijui nikuandikie nini tena.

Scola

Daudi, 8 Julai 2025

Mwanangu,

Uliyosema ni haki yangu. Sikuandikii ili unisamehe. Limetokea jambo na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Jana nilimwita Margwe mwenyewe, nikamwambia kweli yote na kumwomba aifungue. Akaiwekea spana akitegemea kutu. Ikazunguka laini kama kifuniko cha chupa. "Mwalimu," akasema, "hii imeshafunguliwa. Tena mtu kaifunga vizuri."

Mimi nilipoifunga nilizungushia katani kwenye meno, isicheze. Katani haikuwepo. Palikuwa na utepe wa kitenge, umekunjwa nadhifu na kuviringishwa mara nyingi. Chini ya madoa ya kutu rangi bado inaonekana. Nilikaa kwenye ukingo wa sinki, Margwe akadhani nimezidiwa.

Nimekiweka kitambaa kwenye bahasha hii. Kitazame wewe, huenda macho yangu yananidanganya.

Baba yako

Katesh, 12 Julai 2025

Baba,

Shikamoo.

Macho yako hayakudanganyi. Ni ndege wa njano wa gauni langu la Krismasi, nikiwa darasa la sita. Lilipunguzwa pindo, nikalia. Mama akasema amepata kazi nzuri ya kile kipande.

Darasa la sita, baba! Mimi nina watoto sasa. Muda wote huo alijua. Huenda alikuwa anasafisha, ikamtoka mkononi, akaona nyuma yake ni kipande cha paipu na saruji tu. Akairudisha, akaikaza ili isije ikaanguka mbele ya wageni wako. Halafu akachukua ndoo.

Ndiyo maana kule dukani mkono wake ulijua. Alikuwa ameshaishika.

Nilitaka kuendelea kukukasirikia, lakini mwenye haki ya kukasirika alikuwa yeye, na yeye alichagua koki.

Mwambie Margwe avunje ukuta, avute paipu kutoka jikoni. Gharama ni yangu. Ila mdomo wa koki asiuguse. Ni kazi yako, mama alivyosema. Mimi nitapanda basi la Ijumaa, nije nikuogeshe.

Mwanao,
Scola

Daudi, 17 Julai 2025

Scola,

Nimeufunga mwenyewe, Margwe akinishika kiuno. Umeingia sawasawa.

Maji yametoka. Usihangaike kumwambia mama yako. Nitamwambia mimi.

Baba yako