Mkunjo wa Kitambaa cha Meza

Jumatatu, 4 Machi
Nimekimbia tena. Mara ya pili hii. Walinilaza, wakanifunika uso kwa kile kizimba cha plastiki, kitanda kikaanza kuingia kwenye bomba la mashine ya kupiga picha — nikapiga kelele kama mtoto wa kudungwa sindano. Nimefika korido na gauni la hospitali. Daktari anashuku uvimbe, ila kasema bila picha ya kichwa hajui kilichomo, na asichokijua hakigusi. Jicho la kushoto linazidi kufifia. Tulipofika nyumbani dada yangu akaanza: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia sifichi, naogopa. Naogopa kweli.

Jumatano, 6 Machi
Nesi wa ushauri kaja na dawa yake: niende jumba la sanaa, nichague picha moja tu, niitazame polepole huku navuta pumzi. Akili ikikimbia, niirudishe kwenye picha bila kuigombeza. Eti inatuliza moyo, wengine imewasaidia. Mimi na picha wapi na wapi? Mimi dobi. Nimemwitikia tu, ndiyo, ndiyo. Kichwa kinauma tangu asubuhi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda. Picha nyingine hata sikujua juu ni wapi, chini ni wapi. Nikaketi mbele ya yenye meza, bakuli na kitambaa cheupe. Mwanzo sikuona kitu ila woga wangu. Nikawaza bomba. Nikarudi kwenye kitambaa. Nikawaza uvimbe. Nikarudi. Basi nikaanza kukiona: weupe wake si weupe, una umanjano kama nguo iliyosahauliwa kabatini. Na pembeni mkunjo — mkunjo mbaya, wa mtu aliyepiga pasi kitambaa kimeshakauka. Ulinikera! Bila kujijua nimesimama, kiganja kimetangulia, naenda kuunyoosha.

"Mama, haishikwi hiyo!"

Mlinzi. Nusura nizimie. Nikamwomba radhi, nikamwambia mimi dobi, mkono umejipeleka wenyewe. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kasema wapo wanaogusa fremu, lakini wa kutaka kupiga pasi hajamwona. Nami nikacheka. Nilipofika nje ndipo nikagundua kuwa kichwa changu nilikuwa nimekisahau.

Jumanne, 12 Machi
Nimerudi jana na leo. Mlinzi ananiita Mama Pasi. Lakini si uchawi huu: leo woga umenikuta pale pale kwenye benchi, pumzi zikagoma, nikajua ndiyo nakufa. Sikukimbia. Nimeutazama ule mkunjo, nimeutazama, mpaka woga ukapita. Blauzi yote jasho. Ijumaa wananiingiza tena bombani. Dada anataka kunisindikiza, nimemkatalia. Nikimwona tu nitalia.

Ijumaa, 15 Machi
Mwandiko mbovu, naandikia gotini. Niko korido ya hospitali. Nimemaliza! Nimelala humo mpaka mwisho, macho nimefumba, mashine inagonga kama watu wanabomoa ukuta, nami niko kwenye kile kitambaa, nanyoosha taratibu kutoka pembeni. Mkunjo ukirudi, nanyoosha tena. Nilitaka kumkumbatia mtu.

Ila huyu mtaalamu wa mashine. Wakati ananilaza alikuwa ananitania: leo ukikimbia tunakufunga kamba. Aliponitoa, utani hakuna. Hanitazami machoni. Mimi nimemtazama, polepole, ndiyo mazoea yangu sasa. Alikuwa anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuupenda, nimekuja na nani. Nikasema peke yangu. Akasema nisiondoke, daktari anashuka sasa hivi, na kama nina ndugu aliye karibu nimwite.

Nampigia dada. Inaita.